Wanakondoo Waliocheza Kamari: Uchambuzi wa Kisa cha Neno “gambol”

Kisa chenyewe ni cha sentensi moja tu. Hadithi fupi ya watoto, inayotokea kwenye shamba la kondoo katika vilima vya kaskazini mwa Uingereza, ilikuwa inatafsiriwa kwa Kiswahili ili isomwe darasani. Mfasiri ni kijana mwenye Kiingereza kizuri kuliko changu. Msomaji wa kwanza alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, mama mtu mzima ambaye sote tunamwita Mwalimu, basi. Mimi niliitwa kuhariri. Katika ukurasa wa pili wa Kiingereza kulikuwa na maneno haya: “In April the lambs gambolled on the hillside until their mothers called them.” Rasimu ya Kiswahili ikasomeka hivi: “Mwezi wa Aprili wanakondoo walicheza kamari mlimani hadi mama zao walipowaita.”

“Gambol” ni kurukaruka kwa mchezo kama wanyama wachanga. Kamari ni neno jingine, “gamble”. Unaweza kucheka, na mimi nilicheka. Lakini rasimu hiyo ilikuwa imeshapita mikononi mwa Mwalimu kabla ya kunifikia, na Mwalimu si mtu wa kupitwa na mambo. Kalamu yake nyekundu ilikuwa imetembea ukurasa mzima: mkato hapa, nafasi pale, “zizi” badala ya “banda”. Kwenye kamari hakuweka hata nukta. Nilipompigia simu alisema, “Mwanangu, nimeona ‘walicheza’, nimeona wanakondoo, nikaendelea na safari.”

Jibu hilo lilinifaa kuliko maelezo marefu. Kitenzi chetu cha kucheza kimebeba mizigo mingi: mtu hucheza mpira, hucheza ngoma, hucheza bao, hucheza na mtoto, hucheza kamari. Jicho likishakutana na wanakondoo wanaocheza, limeridhika. Neno “kamari” linalofuata linapita chini ya kivuli cha kitenzi kilichokwisha kukubaliwa. Kosa la mfasiri lilikuwa kubwa, lakini lilivaa nguo zinazofaa.

Kijana naye alikuwa na hoja yake, na si hoja ya kijinga. “Kaka,” aliniandikia, “mimi niliona ile ‘o’ na ‘l’ mbili nikajua ni tahajia ya Kiingereza cha Uingereza, ile ya ‘colour’ na ‘travelled’. Nikajua ni ‘gambled’ tu, wameiandika kwao.” Tuseme ukweli, sehemu ya hoja hiyo ni sahihi kabisa. Waingereza huandika “gambolled” na “gambolling” kwa l mbili, Wamarekani huandika “gamboled” na “gamboling” kwa moja. Ila tofauti hiyo iko ndani ya neno lenyewe, haiko kati yake na neno la kamari. “Gamble” na “gambol” ni maneno mawili yasiyo na undugu, ingawa yametokea kufanana sura.

Sauti ndiyo inayoharibu zaidi. Sisi tumezoea kwamba irabu ikiandikwa, inatamkwa. Msomaji wa Kiswahili akikutana na “gambol” atasema gam-bol, na “o” yake itasikika vizuri. Mwingereza hafanyi hivyo. Silabi ya pili anaimeza, na kinywani mwake maneno yote mawili yanatoka kwa sauti ileile. Ina maana hata kama kijana angesikiliza hadithi ikisomwa na mtu wa kwao, masikio yasingemwokoa. Angesikia kamari safi.

Na kamari ndiyo iliyo karibu naye. Kijana wa mjini leo anaishi katikati ya matangazo ya kubeti. Anajua mkeka ni nini, anajua nani kachana mkeka jana kwa sababu ya goli la dakika ya mwisho. Neno la Kiingereza la kamari analiona kila siku kwenye simu yake, katika ule mstari mdogo wa onyo chini ya tangazo. “Gambol” huenda hajawahi kukutana nalo hata mara moja. Akili ya binadamu ikipewa neno lisilojulikana linalofanana na neno linalojulikana, haigongi hodi kwenye kamusi.

Mguu ndani ya neno

Nilimwomba kijana aliangalie neno hilo kuanzia miguuni, maana huko ndiko lilikotoka. Kiitaliano kina “gamba”, maana yake mguu. Kutoka hapo likatokea neno la kurusha miguu, likapita Kifaransa kama “gambade”, mruko wa farasi, likaingia Kiingereza mwanzoni mwa karne ya 16. Huko likaandikwa kwa namna nyingi kabla mwisho wake haujatulia kwenye “-ol”. Mguu huohuo umeacha alama kwingine. Ala ya muziki ya zamani iitwayo viola da gamba ilipewa jina hilo kwa kuwa hushikwa kati ya miguu. Mwimo wa mlango kwa Kiingereza ni “jamb”, kutokana na neno la Kifaransa la mguu. Na “gammon”, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ni ndugu wa ukoo huo.

“Gamble” lina njia yake nyingine. Linahusishwa na neno la kale la Kiingereza la mchezo, lile lililozaa “game”. Kwa hiyo Kiingereza, sawa na Kiswahili, kilianzia kwenye mchezo kikaishia kwenye kamari. Lakini “gambol” halikuwamo katika safari hiyo.

Kijana alizipenda habari hizi, na mimi nikahofia kwamba zimemfurahisha kupita kiasi. Asili ya neno hukwambia lilikotoka. Haikwambii leo linafanya kazi gani. Pomboo wanaorukaruka mbele ya meli wanaelezwa kwa neno hilihili, na pomboo hana mguu.

Basi leo linafanya kazi gani? Ukikusanya mahali linapotumika, utakuta mambo matatu yanakwenda pamoja. Kuna kuruka, tena kwa kurudiarudia, mwili mzima ukiwa hewani. Kuna uchanga: wanakondoo, watoto wa mbuzi, ndama, watoto wa mbwa, watoto wa watu. Na kuna kutokuwa na sababu. Hili la tatu ndilo moyo wake. Mnyama anayeruka kichaka kwa sababu anafukuzwa hafanyi kitendo hiki. Anayeruka mtaro ili afike ng’ambo, hali kadhalika. Anayeruka kwa kuwa jua limetoka na miguu imepata nguvu, huyo ndiye.

Ukitaka kuona kitu chenyewe huna haja ya kwenda Uingereza. Kaa karibu na zizi la mbuzi asubuhi, watoto wakiwa wameshanyonya. Mmoja amesimama kimya, masikio yamelala. Hakuna aliyemchokoza. Ghafla miguu yote minne inaachana na ardhi kwa wakati mmoja, mgongo umepinda, kichwa kimegeukia upande mmoja na makalio upande wa pili, na anapotua anatazama kule alikokuwa amekupa mgongo. Anasimama sekunde moja mwenyewe kama aliyeshangaa. Kisha anapanda kichuguu, anashuka, anapanda tena, na mwenzake anamfuata. Wanakondoo wa vilima vya Uingereza, ambao wengi huzaliwa mwezi wa Aprili, hufanya vivyo hivyo siku chache tu baada ya kuzaliwa, na jioni huungana kundi zima wakakimbia kando ya ukuta wa mawe hadi mwisho, wakageuka, wakarudi mbio.

Nduguze na mipaka yake

Kiingereza kina maneno mengi ya jirani, na mfasiri asipoyatenganisha atayamwaga yote ndani ya “kurukaruka”. “Prance” ni la farasi na la mtu mwenye maringo. Anayefanya hivyo anataka aonekane. “Caper”, ambalo asili yake ni mbuzi, lina utundu ndani yake, na likiwa nomino linaweza kuwa njama au kitendo cha kihuni. “Frolic” limetoka kwenye neno la Kiholanzi la uchangamfu, na ni pana zaidi: watoto wanaomwagiana maji wamo humo hata kama hakuna aliyeruka. “Skip” ni la kamba na la hatua zenye mpigo. “Cavort” likisemwa juu ya watu wazima huwa na harufu ya mambo ya usiku.

“Gambol” halina maringo wala utundu wala harufu hiyo. Ni neno safi, na pia ni neno la vitabuni. Mkulima wa kondoo akizungumza na mwenzake zizini hatalitumia sana. Mwandishi wa hadithi atalitumia, mwandishi wa safu ya magazeti atalitumia anapotaka kuandika kwa madoido. Mtu mzima akielezwa kwa neno hili, jua anataniwa. Ukiandika kwamba waziri ali-“gambol” kushuka ngazi za ndege, umemfanya kichekesho, na ndicho ulichokusudia.

Hapo pana hatari moja ambayo nimeiona katika maandishi ya utalii na sitaki kuipita. Morani wa Kimaasai wanaporuka katika adumu, ngoma yao ya kuruka, miguu ikiwa imenyooka na mwili wima, si jambo la kuitwa “gambolling”. Kuna mashindano pale, kuna heshima ya rika, kuna wanaotazama na kupima nani amepanda juu. Kuliita hivyo ni kuwafanya vijana wa watu wanakondoo. Mwenye Kiingereza cha kuazima hajui kwamba ametukana, na hiyo ndiyo hasara ya kujua maana ya neno bila kujua nani hulivaa.

Swala tomi naye anatupa mpaka mwingine. Kwenye nyanda za Serengeti, akimwona duma au mbwa mwitu, mara nyingi huruka juu kwa miguu minne iliyokakamaa, mgongo umejikunja, kitako cheupe kinaonekana toka mbali. Mgeni akiona atasema anacheza. Mtafiti Tim Caro alizipima dhana kadhaa za mruko huo katika makala alizochapisha mwaka 1986. Aliona kwamba duma aliyerukiwa hivyo aliacha kuwinda mara nyingi zaidi, yaani swala anamwambia “nimeshakuona”. Mwaka 1988 FitzGibbon na Fanshawe wakaonyesha kwamba mbwa mwitu huelekea kuwafukuza wale wanaoruka kwa kasi ndogo zaidi, na kuwaacha wanaoonyesha nguvu. Huo ni ujumbe, tena wa kufa na kupona. Kiingereza kina neno lake mbali, “stotting”. Kwa macho ni mruko uleule wa mwanambuzi wetu wa asubuhi, ila yule hakuwa na la kumwambia mtu.

Darasani

Rasimu ya pili ya kijana ilikuwa fupi: “Mwezi wa Aprili wanakondoo waliruka mlimani.” Kamari imeondoka, kuruka kumeingia. Nilitaka kuipitisha, maana siku za kazi zilikuwa zinakwisha. Mwalimu ndiye aliyesema tuipeleke kwanza kwa wenye hadithi, yaani watoto.

Akawasomea, kisha akawauliza wanakondoo wamefanya nini. Msichana mmoja alijibu bila kusita kwamba wameanguka. Wameruka kutoka mlimani, kwa hiyo wako chini. Huwezi kumlaumu. “Mlimani” kwa Kiswahili ni kwenye mlima, na pia ni kutoka mlimani, kitenzi ndicho kinachoamua, na “kuruka” ni kitenzi cha kuondoka mahali. Ndege huruka akaenda zake. Mtu huruka ukuta akawa upande wa pili. Mvulana mmoja, bila kuombwa, alichuchumaa katikati ya madawati, akashika masikio, akaanza kuruka kichura. Halafu akauliza: “Mwalimu, walikosa nini?”

Darasa lilicheka, lakini swali hilo lilinikaa. Mtoto wa shule kwetu anaujua mruko kama adhabu kabla ya kuujua kama neno la hadithini. Ukimwachia kitenzi peke yake, anakiweka mahali alipokizoea.

Tukarudi mezani. Jambo la kwanza lililo wazi ni kurudufu: “walirukaruka”. Kiswahili kikirudia shina, kitendo hupoteza shabaha yake. Kusema ni kusema jambo. Kusemasema ni kufungua mdomo ovyo. Kutembea ni kwenda mahali. Kutembeatembea ni kunyoosha miguu. Kwa hiyo kurukaruka tayari kumebeba nusu ya ile sehemu ya tatu, ya kutokuwa na sababu, na hili ni jambo ambalo Kiingereza kimelazimika kutafutia neno zima.

Kijana alipendekeza pia “walirandaranda”. Nililikataa, kwa kuwa anayerandaranda anazurura, na miguu yake haijaacha ardhi. Mimi mwenyewe nilikuwa na mapenzi na “walichachawa”. Ni neno lenye ladha, lina ile hali ya mtu aliyeshikwa na furaha mpaka hatulii. Mwalimu aliuliza swali moja tu: “Darasa langu lote ni watoto wa bara. Nani atawaeleza?” Nikalitoa, kwa shingo upande. Bado naamini lina nafasi yake katika hadithi ya watu wazima.

Kisha Mwalimu, ambaye ni mzee wa kanisa, akatukumbusha mahali ambapo kazi hii ilishafanywa zamani. Katika Biblia ya Kiswahili ya mwaka 1952, Malaki sura ya 4 aya ya 2, wanaolicha jina la Bwana wanaambiwa kwamba watatoka nje “na kucheza-cheza kama ndama wa mazizini”. Nilinyamaza kidogo niliposikia. Ndama amefungiwa siku kadhaa, mlango umefunguliwa, na anachofanya pale nje hakina faida yoyote kwake isipokuwa raha. Tafsiri maarufu ya Kiingereza, ile ya Mfalme James ya mwaka 1611, imesema hapo kwamba watakua kama ndama wa zizini, jambo la unene tu. Watafsiri wetu walimwona ndama mwenyewe. Katika Zaburi ya 114, pale milima inaporuka kama kondoo waume, wametumia kuruka, na hapo sawa, kwa sababu milima ile inaruka kwa hofu.

Basi tuandike “walichezacheza”? Tulilijaribu, na likatukwama kooni. Tangu 1952 maneno yametembea. Leo jino linachezacheza kabla halijang’oka, nati inachezacheza, na mtu anayechezacheza na kazi anakaribia kufukuzwa. Katika kinywa cha Malaki neno limelindwa na ndama na mazizi. Likitolewa peke yake likawekwa kwenye nyasi za Uingereza linalegea.

Mwalimu akaenda darasani na “walirukaruka kwenye mteremko”. Safari hii hakuna aliyeanguka wala aliyeadhibiwa. Lakini swali likaja, tena kutoka kwa zaidi ya mtoto mmoja: wanashindana? Wanakimbia nini? Mtoto anataka sababu, na sentensi haikumwambia kwamba sababu haipo. Kijana akashauri tuongeze “bila sababu”. Sikulitaka, maana kwa Kiswahili anayefanya jambo bila sababu ama ana kichaa ama amemwonea mwenzake: kampiga bila sababu. “Bure” nalo ni hivyohivyo, limejaa hasara. “Kwa furaha” ndilo ambalo wengi wangeweka, na ndilo nililoliona limechoka zaidi, kwa kuwa katika vitabu vyetu vya watoto kila mtu hufanya kila kitu kwa furaha, hata kufagia uwanja.

Aliyetoa jawabu ni Mwalimu, akiwa ameinamia daftari lake la mahudhurio, wala hakujua kwamba ametoa jawabu. Alikuwa anamwelezea kijana kondoo wa babu yake huko nyuma. “Wale hawana shida na mtu,” alisema. “Wanarukaruka kwa raha zao.”

Kwa raha zao. Hapo pana kila tulichokuwa tunakitafuta. Mtu akikaa kibarazani kwa raha zake, huwezi kumuuliza anangoja nini. Kauli hiyo inafunga mlango wa sababu bila kusema neno “sababu”, na haimdhalilishi mwenye raha.

Sentensi ilivyotoka

Tulibakiwa na Aprili. Kwa msomaji wa Uingereza, Aprili ni baridi inayoondoka na majani yanayorudi. Kwa mtoto wa Dar es Salaam ni masika, matope na barabara zilizofungwa, na mwanakondoo anayerukaruka kwenye mvua ya masika ni picha nyingine kabisa. Jina la mwezi tulilibakiza mwanzoni mwa hadithi, mahali pa kutajia nchi na majira, na hapa tukaweka kilichomaanishwa. Sentensi ikawa: “Baridi ilipokwisha, wanakondoo walishinda wakirukaruka mteremkoni kwa raha zao, hadi mama zao walipowaita.”

Kijana aliipinga mara moja, na nilifurahi kwamba aliipinga. “Kaka, Kiingereza kina kitenzi kimoja. Wewe umeweka vitenzi viwili na raha juu yake. Huko si kutafsiri, ni kutunga.”

Nilimjibu kwa kumwonyesha kazi ya kila kipande. “Kurukaruka” kumechukua miguu na kurudiarudia. Uchanga uko ndani ya jina, kwa kuwa tumesema wanakondoo, hivyo kitenzi hakina haja ya kuubeba tena. “Walishinda” kumechukua ule muda mrefu ambao “until” ya Kiingereza inauhitaji nyuma yake, maana mtu haitwi na mama yake hadi awe amepotelea mchezoni. “Kwa raha zao” kumechukua moyo wa neno. Kama kuna kilichoongezwa, anionyeshe nikifute.

Alitafuta, na alikipata. Akasema Kiingereza kina neno la vitabuni, lenye umri, na sisi tumeweka maneno ambayo kila mtu anayasema sokoni. Rangi ya neno imepotea. Ni kweli, imepotea. Uzito huo wa kale wa “gambol” haumo katika “kurukaruka kwa raha zao”, na ningekuwa ninahariri shairi ningelirudisha “walichachawa” mezani na kugombana upya. Kwa hadithi ya watoto wa miaka tisa niliona hasara hiyo inalipika. Kijana hakukubali moja kwa moja. Aliandika “sawa” bila nukta, na anayemjua anajua hiyo “sawa” ina maana gani.

Neno lilirudi kwenye ukurasa wa tisa, na safari hii lilikuwa nomino. Bibi wa shamba anamwona mumewe, mzee mwenye fimbo, akijaribu kuwaigiza wanakondoo kwenye njia ya changarawe, anamwambia aache “gambols” zake kabla hajavunja nyonga. Nomino ina historia yake. Katika tamthilia ya Hamlet ya Shakespeare, iliyoandikwa karibu mwaka 1600, mwana wa mfalme ameshika fuvu la Yorick, mchekeshaji aliyekuwa akimbeba mgongoni utotoni, anauliza ziko wapi leo dhihaka zake, “gambols” zake, nyimbo zake. Pale maana yake ni vituko vya mwili, mchezo wa mtu anayejipindua ili wengine wacheke. Nomino ikimhusu mtu mzima inaegemea huko, na raha zake binafsi zinarudi nyuma, kwa sababu sasa kuna mtazamaji.

Kwa hiyo “kwa raha zake” isingefaa. Kijana, ambaye sasa alikuwa ameshashika mkondo, aliandika bila kuniuliza: “Mzee, acha visarakasi vyako, utavunjika nyonga bure.” Ile “bure” niliyoikataa kwa wanakondoo, hapa imekaa mahali pake hasa. Sikugusa kitu, isipokuwa “Mzee”. Mwalimu alisema bibi wa umri ule hamwiti mumewe hivyo mbele ya wajukuu, atasema “Babu”, na wajukuu wapo katika sentensi inayofuata. Tukabadilisha.